Msomaji Asiye na Baba Mkwe

Mwanaume niliyemwonea wivu kuliko wote maishani sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa sauti tu. Alisoma Kiingereza cha ng'ambo, polepole, kama mtu aliyekula akashiba na hana mahali pa kukimbilia, na alikaa ndani ya chumba cha baba mkwe wangu, chumba ambacho mimi, mke wa mwanawe, sikuruhusiwa kukanyaga.

Nianze na hicho chumba. Miaka ile simu ya mkononi ilipokuwa inaanza kuwa kitu cha kila mtu, mimi na mume wangu tulikuwa tunakaa Kileleshwa, fleti ya chini. Mzee alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu huko kwetu magharibi, mkewe ametangulia mbele za haki. Macho yake yakaanza kufa kwa ile presha ya macho, mume wangu akamleta Nairobi atibiwe hospitali moja ya Parklands. Sasa, kwetu baba halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Hilo halina mjadala, hata uwe umesoma, hata uwe umeokoka. Lakini Nairobi ina ujanja wake. Kila fleti pale ilikuwa na chumba kimoja cha nyuma, uani, kilichojengewa mfanyakazi wa nyumba, watu wanakiita SQ. Tukakipaka rangi, tukaweka kitanda kizuri na kiti cha mikono, mzee akaingia. Yeye na paa lake, sisi na letu. Mama wa kufua kutoka Kangemi ndiye aliyekuwa akifagia humo na kutandika. Mimi chakula nilikiweka juu ya stuli mlangoni, narudi nyuma, naye anakuja na fimbo yake anakichukua. Mkono hatukuwahi kupeana.

Jioni moja nilimkuta amekaa na kitabu mapajani, kimefungwa, anapapasa jalada. Macho yalikuwa yamefika mahali ambapo aliona mwanga na vivuli tu. Roho iliniuma. Nikavuta ile stuli, nikakaa nje, nikamwambia, "Baba, leta nikusomee." Akakiweka kizingitini, nikakiokota. Akasogeza kiti chake ndani karibu na mlango, ukuta ukawa katikati yetu, adabu ikawa imetunzwa. Nikasoma hadi giza likanifukuza.

Kutoka siku hiyo ikawa kazi. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na kila nikitoka nilipita kwa wale wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaovitandaza juu ya magunia kando ya barabara. Mzee alitaka riwaya za siku hizi. "Za zamani nilizifundisha mpaka zikanichosha," aliniambia. "Nataka kujua watu wa sasa wanalia nini." Basi nikawa nachuchumaa pale chini, nasoma jalada la nyuma, napunguziwa bei, naingia nyumbani mbio, natia maji ya ugali jikoni kisha natoka uani. Na yeye, mwalimu mkuu mzima aliyeongoza shule, akawa ananiita Mwalimu. "Mwalimu, tulifika wapi?" Jameni! Mama yangu mzazi hakuwahi kunipa cheo. Nilikuwa nikikisikia hicho cheo nikiwa bado kwenye kona ya nyumba, na miguu inapata nguvu.

Ila riwaya za siku hizi zina matatizo yake. Hujamaliza kurasa nne, mtu ameanza kufungua vifungo vya shati la mwenzake. Sasa mimi ningemsomeaje baba mkwe mambo hayo? Hata neno kitanda mbele yake linasemwa kwa kuchagua. Nikawa nikifika hapo nakohoa kidogo na kusema, "Baba, hapa ukurasa umechanika." Naye anajibu, "Aa, vitabu vya barabarani hivyo," tunaendelea. Kuna kimoja kilichanika hadi ikabaki hadithi ya watu wawili waliokutana hotelini, wakaagiza chai, wakaachana. Mzee alisema mwandishi huyo hana la kusema.

Kulikuwa na kimoja alichokipenda kuliko vyote. Kilikuwa cha fundi wa saa, mzee anayekaa peke yake katika mji mdogo wa baridi, anatengeneza saa za watu na kumngoja binti yake aliye mbali. Tulikisoma wakati mbaya. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba macho hayatarudi, na wiki hiyo hiyo binti wa mzee, dada ya mume wangu, nesi kule Uingereza, alipiga simu kusema Desemba hiyo hatakuja, kazini hawamwachilii. Mzee alisema, "Sawa, mama, kazi ni kazi," akarudisha simu, akakaa. Nami kesho yake nikawa nimefika mwisho wa kitabu na kukuta fundi anakufa peke yake, na binti anafika baada ya mazishi.

Nilifanya nini? Nilimfufua. Haki ya Mungu, nilikaa pale kwenye stuli, macho yangu kwenye ukurasa, mdomo ukasema mengine kabisa. Binti akabisha hodi, fundi akafungua mlango mwenyewe, akiwa mzima. Nikampa binti na mkate, kwa sababu mgeni haji mikono mitupu. Mzee akasema, "Hicho ni kitabu, Mwalimu. Hicho ni kitabu." Nikaenda kugeuza ugali nikilia.

Desemba iliyofuata, wifi akaja. Alikuja na mashine nyeusi ya kucheza sidii, vile visahani vinavyong'aa, na boksi zima la riwaya zilizosomwa na mtu, mwanzo hadi mwisho, wewe kazi yako ni kusikiliza. Riwaya mpya mpya, zile ambazo mimi ningezipata kwenye magunia baada ya miaka mitatu, zikiwa zimekunjwa pembe za kurasa. Akabandika kipande cha plasta juu ya kitufe cha kuwasha ili mzee akipate kwa kidole. Kisha akanishika mabega, akanukia vizuri, akasema, "Wifi yangu, pole sana na kazi. Sasa umepumzika. Hutachoka tena kumsomea Baba."

Nani alikuambia nimechoka? Nilitabasamu, nikamwongezea chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mimi ndiye mwenyeji, na sikupona.

Wifi alirudi kwake Januari, sauti ikabaki. Nilikuwa natoka kazini na kufika kwenye kona ya nyumba, na badala ya kuitwa nasikia mwanaume anaongea. Stuli yangu imewekwa sahani ya chakula. Siku ya kwanza nilisema, kipya kinyemi, acha mzee achangamke kidogo, atachoka. Wiki zikapita. Nilipomwuliza kama nije na kitabu, alisema, "Hapana, mwanangu, pumzika. Huyu mwalimu mpya hana haraka."

Mwalimu mpya! Na mimi nimekuwa mwanangu.

Kamba ya nguo ilipita mbele ya mlango wa mzee. Mimi, ambaye nguo zangu zilikuwa na mtu wa kuzifua, nikawa mwanika nguo hodari. Nguo kavu nilizilowesha tena nikazianika upya. Nilitaka kumsikia anakosea. Nilitaka akwame kwenye neno, arudie mstari, apaliwe na mate. Wapi! Bwana yule alijua kusoma, na hapo ndipo paliponichoma. Angekuwa mbovu ningemhurumia. Akifika kwa bibi kizee, sauti inazeeka, unasikia kabisa meno hayapo. Akifika kwa mtoto inapanda na kuwa nyembamba. Watu wa hadithi nilizosoma mimi wote, wazee kwa vijana, mabwana kwa watwana, walikuwa wakiongea kama mpiga chapa wa ofisi ya mjini. Aliponyamaza kati ya sentensi mbili nilishika pumzi bila kutaka. Mara moja, mwanamke wa hadithini alipopokea habari ya mtoto wake, nilijikuta nimeuma kibanio cha nguo kwa meno. Nikakitoa na kumtukana kimoyomoyo.

Kisha nikajifariji kwa kuhesabu kasoro zake. Hajawahi kuacha hadithi akimbilie sufuria. Hajawahi kupandiwa na siafu pale uani. Halafu hangoji. Mzee alikuwa na mazoea ya kugombana na vitabu: "Mwambie huyo kijana ni mjinga, arudi kwao!" Nami nilikuwa nikimjibu, "Nimemwambia, Baba, hasikii," tunacheka, ukuta katikati. Sasa nilimsikia akisema, "Mwambie huyo kijana," na yule bwana anaendelea tu na mambo yake. Mzee alianza kunyamaza. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Nilimweleza mume wangu. "Yaani unaonea redio wivu?" akaniuliza.

"Si redio. Ni mwanaume."

"Mwanaume gani, bana? Huyo ni sidii." Akacheka mpaka akatoa miwani. Kwa siku mbili nilimpa mboga bila chumvi.

Siku moja Mungu alinikumbuka, stima ikapotea. Sauti ilikatika katikati ya neno. Nikakimbia na kitabu na mshumaa kabla mzee hajafikiria kulala, nikakaa kwenye stuli yangu. Na hapo nikafanya ujinga. Badala ya kusoma nilivyozoea, nikaanza kusoma kama yule bwana. Nikapunguza mwendo. Nikanyamaza kati ya sentensi. Kwa bibi kizee nikakunja midomo ili meno yapotee. Nilijiona nimeweza kweli kweli.

"Mwanangu," mzee akasema kutoka ndani, "una mafua?"

Kabla sijajibu taa ziliwaka kwenye fleti zote, watoto wa jirani wakashangilia. "Aa, stima hiyo," mzee akasema. "Asante, mwanangu. Kaangalie chakula." Nikasikia kidole chake kinatafuta plasta.

Nilikuwa nimeshindwa, na ningekaa na kushindwa kwangu kama si ile Jumapili watu wa kanisa walipokuja kumwombea. Mume wangu alikuwa amesafiri. Mzee alikuwa kwenye benchi uani, anaota jua, mashine iko ndani mezani imefunguliwa sauti ili imfikie nje. Wakaja mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mama mchungaji na akina mama wengine. Sauti ilikuwa inaeleza habari za bustani na kikombe cha chai. Mzee akataka kuinuka akazime, mwenyekiti akamzuia. "Acha isome, Mwalimu, tusikie kidogo. Hii mashine imeokoka!" Wakakaa, wakatikisa vichwa kusifu maendeleo. Mimi nikatoka na chupa ya chai na vikombe.

Bustani ikaisha. Mwanamke wa hadithini akaingia ndani ya nyumba, na mwanaume akamfuata.

Niliijua ile habari ya vifungo kutoka mbali. Nikasimama. Yule bwana hakukohoa, hakusema ukurasa umechanika. Kwa sauti ile ile nzuri, bila haraka, alianza kumvua yule mama nguo moja baada ya nyingine mbele ya kamati ya kanisa, na kila nguo aliipa nafasi yake. Mama mchungaji aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti alikuwa na kikombe karibu na mdomo, hakinywi wala hakirudishi. "Shindwe!" mama mmoja akanong'ona. Mtu alihitaji kuingia ndani na kuzima, na kila aliyekuwepo pale alijua ni nani asiyeweza kuwa mtu huyo. Mimi, mke wa mwana, nivuke kizingiti cha chumba anacholala baba mkwe, mbele ya kanisa? Niliganda na chupa ya chai. Na ningekuwa na ruhusa nisingekwenda. Moyoni nilikuwa nasema, soma bwana, soma, maliza nguo zote.

Mzee alitafuta fimbo, akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akaingia. Tulimsikia anapapasa. Tulisikia kitu kinaanguka. Mwishowe alivuta waya kutoka ukutani. Akatokea mlangoni, uso umekauka kama wa siku ya kutangaza matokeo ya mtihani.

"Ndugu zangu," akasema, "msameheni. Huyu msomaji hana baba mkwe."

Mwenyekiti alipaliwa na chai. Akina mama wakaangua kicheko, hata yule aliyekemea. Wakaomba, wakaondoka. Nilipokuwa nakusanya vikombe mzee alisema bila kunigeukia, "Kumbe ndizo hizo kurasa zilizokuwa zinachanika."

Nikasema, "Ndiyo, Baba," nikakimbilia jikoni. Nilingoja kesho mashine ifungwe kwenye boksi. Kesho yake nikafika kwenye kona ya nyumba, nikamsikia yule bwana anasoma.

Baadaye kidogo, niko kambani na shuka, nikamsikia mzee anaongea na wifi kwa simu ya mume wangu. Alikuwa anaulizwa ni kitabu gani alichokipenda zaidi ya vyote, atafutiwe. Mzee akasema, "Kile cha fundi wa saa. Mwalimu wa hapa alinisomea. Ukikipata, nitapenda kukisikia tena."

Shuka iliniponyoka ikaanguka kwenye vumbi.

Kurasa zilizochanika alikuwa amenisamehe, hiyo ni adabu. Lakini kubadilisha mwisho wa kitabu cha mtu? Huyo alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa amewafukuza darasani watoto waliobuni majibu. Angesikia ukweli kutoka kwa yule bwana ambaye hajui kuruka wala kuongeza, kisha angerudi nyuma kitabu kwa kitabu akijiuliza ni kipi alichosomewa na ni kipi nilichomtungia. Nisingemsomea tena, hata stima ipotee mwezi mzima. Na atakayenivua nguo safari hii ni yule yule. Nilimchukia jamani! Nilimchukia kama mke mwenza.

Mzigo wa visahani kutoka kwa wifi ulikuja kwa mkono wa muumini aliyetoka safari, mume wangu akaupokea na kuupeleka moja kwa moja kwa baba yake. Mzee akausikiliza jioni baada ya jioni, kisahani baada ya kisahani. Nami jioni baada ya jioni nikaanika nguo. Fundi akatengeneza saa ya kasisi. Fundi akaandika barua. Barua ikachelewa. Yule bwana alimpa fundi sauti ya kukwaruza kidogo, na ilimfaa, nami nilikuwa nimemsoma fundi yule kwa sauti ya mpiga chapa.

Kisahani cha mwisho kilikuwa Jumamosi mchana. Alisoma kifo cha fundi kwa sauti ya chini sana, vizuri, mshenzi yule, vizuri hadi mimi niliyekijua nikasimama na shati la mume wangu mkononi, maji yanachuruzika kwenye viatu. Binti akafika. Akakuta majirani wanakunja viti. Kisha muziki kidogo, kisha kimya.

Nilifikiria kuondoka kwa vidole vya miguu.

"Mwalimu," mzee akaita.

Sikuitika mara moja. Nilidhani anamwita yule mwingine.

"Mwalimu, uko hapo kambani?"

"Niko, Baba."

"Hizo nguo hazijakauka tangu Januari?"

Nikalitundika lile shati kambani.

"Huyu mtu wa binti yangu anasoma vizuri," akasema. "Anasoma vizuri sana. Lakini huu mwisho si wetu. Lete kile kitabu."

Nikaingia nyumbani, nikakitoa chini ya magazeti nilikokuwa nimekificha. Nikaondoa sahani kwenye stuli, nikakaa. Ndani nikasikia kiti kinaburutwa hadi karibu na mlango. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Jeneza, majirani, viti, vyote vilikuwepo pale kama bwana alivyovisoma. Nikasoma, kwa sauti yangu ya siku zote: "Jua lilikuwa linazama binti alipobisha hodi. Fundi akainuka, akafungua mlango mwenyewe. Binti alikuwa amesimama hapo, na..."

Nikakwama. Nilikuwa nimebuni mara moja tu, tena mwaka mzima umepita, na karatasi haikuwa na neno la kunisaidia.

"Alikuwa amebeba mkate," mzee akasema kutoka ndani. "Umefungwa kwa gazeti."

Niliangalia ukurasa, nikaangalia ukuta.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Amebeba mkate, umefungwa kwa gazeti." Nikaendelea kusoma.